Je, Yafaa Kumtetea Aliyeshitakiwa kwa Unga?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: kijana akishikwa na madawa ya kulevya, je, yafaa wazazi wake wamtafutie wakili, au huko ni kuusaidia uovu? Swali hili si dogo. Mitaa yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu imeonja uchungu wa unga, na ghadhabu ya watu ina sababu. Lakini ghadhabu si kadhi.

Kwanza na tuijue sheria. Sheria ya kudhibiti madawa ya kulevya ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022, yatenga makosa mawili: kupatikana na dawa, na kuifanyia biashara. La pili ndilo zito zaidi, nalo si kuuza peke yake. Hata kuweka, kusafirisha na kumpa mwingine huhesabiwa humo. Basi kijana ambebeaye rafiki yake mzigo asidhani yu salama kwa kuwa hakupokea senti. Hata hivyo, ni juu ya mshitaki kuthibitisha kwamba kitu kile ni dawa kweli, na kwamba mshitakiwa alikuwa nacho hali ya kujua. Mkoba ulioonekana chini ya kiti cha matatu haujasema ni wa nani. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yamhesabu kila mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na yampa haki ya wakili. Na ikiwa kukosa wakili kutaleta dhulma kubwa, Serikali humpa kwa gharama yake.

Je, haya ni mageni kwetu? La. Wafasiri, katika Sura ya An-Nisaa, husimulia habari ya deraya iliyoibiwa Madina ikaonekana kwa Myahudi. Jamaa za mwizi wakamwendea Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao, zikateremka aya za kumwondolea Myahudi tuhuma na kukataza kuwatetea wahaini.

Hapa pana mafunzo mawili yasiyotengana. La kwanza, kuonekana na kitu si mwisho wa ushahidi. La pili, ujamaa si hoja. Kutaka ushahidi uchunguzwe, na kuomba adhabu isizidi kosa, hiyo ni haki. Ama kununua shahidi, kuhonga ili faili ipotee, au kumfundisha kijana uwongo, huo ndio uhaini uliokatazwa.

Huenda mtu akasema: na mwuzaji mkubwa, naye atetewe? Twajibu: naam. Mlango tuufungao mbele ya mwovu, ndio huo huo atakaoukuta umefungwa asiye na kosa. Tena twajua sote kwamba mwenye mali hakosi wakili. Akosaye ni mtoto wa maskini. Tukisema wakili ni haramu, hatutamdhuru tajiri wa unga hata kidogo. Tutakuwa tumemwangamiza jirani yetu tu.

Basi, ewe mzazi, mwanao akishikwa, usimkane wala usimfichie. Mwambie ana haki ya kunyamaza mpaka aonane na wakili, lakini hana haki ya kusema uwongo mbele ya Mola wake. Na zile fedha ulizotaka kuzitia mkononi mwa mtu gizani, mpe wakili mchana.

Wallahu aalam.