Kiapo cha Mtu Asiyeamini

Mwaka 1880 watu wa Northampton, mji wa mafundi viatu, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge wao. Tarehe 3 Mei akafika Bungeni London na ombi moja: badala ya kuapa kwa jina la Mungu, aruhusiwe kutoa ahadi ya dhati bila kulitaja. Hakuwa akiamini kwamba Mungu yupo, na nchi nzima ilijua. Wakamkatalia. Basi nitaapa, akasema. Wakamkatalia na hilo.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mahakama. Nilimkabidhi shahidi Biblia, nikamsikiliza akimalizia kwa kumwomba Mungu amsaidie. Ndiyo maana habari za Bradlaugh hazinipiti hivi hivi. Mtu akimtaja kwa kiapo Mungu asiyemwamini, amemheshimu au amemdhihaki?

Waliompinga walidhani wanailinda heshima ya Mungu. Juni ile walimfungia usiku kucha katika mnara wa saa wa Bunge. Agosti 1881 polisi na watumishi wa Bunge walimburuta hadi nje, koti likachanika. Northampton ikazidi kumchagua: 1881, 1882, 1884, 1885.

Linaloniuma zaidi ni la ujana wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili mashariki mwa London. Mchungaji akamtaka ajiandae kwa kipaimara. Kijana akazisoma Injili sambamba na zile Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza, akaona mahali pasipolingana, akaandika kuomba maelezo. Akasimamishwa kufundisha, na wazazi wakaambiwa mtoto wao ni mkana Mungu. Hakuwa amemkana bado. Alikuwa ameuliza. Nimekaa vikao vingi vya wazee, na nimeona jinsi swali la kijana linavyogeuzwa shtaka kabla hata hajamaliza kulieleza. Yule kijana alihama nyumbani kwao, na kanisa halikumpata tena.

Aliyenifundisha kulitazama jambo hili la kiapo ni muumini mwenzangu, Gladstone, waziri mkuu wa wakati ule, Mwanglikana thabiti ambaye mafundisho ya Bradlaugh yalimchukiza. Aprili 1883 alisimama kuutetea muswada wa kuwaruhusu wabunge kuthibitisha bila kuapa. Akauliza: kama anayeamini uungu wowote, hata ule wa mbali usiomjali mwanadamu, anapita mlangoni, na anayezuiwa ni yule tu anayekiri kwamba haamini, mlango huo unamlinda Kristo kwa lipi? Muswada ulishindwa kwa kura 3, yaani 292 kwa 289. Nasema bila kusita kwamba miongoni mwa wote waliomtaja Mungu katika mjadala ule, Gladstone ndiye aliyemheshimu.

Bradlaugh mwenyewe, hata hivyo, nina neno naye. Alipokuwa tayari kuapa, alitangaza gazetini kwamba maneno ya kidini ya kiapo kwake hayana maana, ila ahadi iliyomo itamfunga. Wanaomtetea husema wapiga kura walihitaji mtu wa kuwasemea, na hoja hiyo ina uzito. Lakini maneno aliyoyaona matupu yalikuwa matakatifu kwa jirani yake kwenye benchi. Afadhali angeshikilia ombi lake la kwanza hadi mwisho, kama Wakweka, Wakristo walioshika katazo la Yesu la kuapa katika Mathayo sura ya 5 wakavumilia kukaa nje ya Bunge, hadi Joseph Pease alipoingia mwaka 1833 bila kuapa.

Januari 1886 Spika Arthur Peel hakumruhusu yeyote kuingilia kati, na Bradlaugh akaapa, akaketi. Miaka miwili baadaye alifanikiwa kupitisha sheria ya viapo ya 1888, iliyomfungulia njia kila ambaye hana dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa. Sheria ya viapo ya Tanzania ina ruhusa hiyohiyo, karibu kwa maneno yaleyale. Shahidi wa namna hiyo hashikishwi Biblia wala Msahafu. Anathibitisha kwamba atasema kweli, hakimu anaandika, na akidanganya anashtakiwa sawa na mimi niliyeapa.