Kusikia, Kusikiliza, Kusikilizana



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alinivuta pembeni, nje ya sakristia. Ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko huku kwetu Mbagala. Akaniambia, "Frateri, nina jambo linanisumbua." Alipofika sentensi ya tatu, akitaja deni la pikipiki na hali ya nyumbani, mimi nilikuwa nimeshaelewa. Au niseme ukweli: nilijiona nimeshaelewa. Nikamshika bega, nikamkumbusha mistari miwili ya Maandiko, nikamwambia tuombeane. Watoto wa Komunyo ya Kwanza walikuwa wananisubiri. Akasema, "Sawa Frateri, asante." Akawasha pikipiki, akaondoka.

Siku sita baadaye nilikaa kimya zaidi ya saa nzima, nikimsikiliza mtu nisiyemjua hata jina akipuliza filimbi. Mambo haya mawili yamekataa kuachana kichwani mwangu, ndiyo maana nawaandikia.

Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye ukumbi wa parokia moja huko Kinondoni. Rafiki yangu mpiga kinanda ndiye aliyenialika: "Njoo, kuna watu wawili watapiga filimbi na piano." Nilicheka. Jamani, sisi wa Temeke ukitutajia filimbi tunamwona refa kwanza. Lakini nikapanda daladala mbili, nikafika.

Hatukuwa wengi. Wanakwaya, masista wachache, wazazi na watoto wao, na vijana waliokuja kwa sababu hakukuwa na kiingilio. Joto lilikuwa lile lile mnalolijua. Piano ilikuwa ya nyuzi, ya siku nyingi, na kwa unyevu huu wa pwani mbao huvimba na sauti huyumba.

Kabla ya kuanza, mwenye filimbi aliomba noti moja kwenye piano, akapuliza, akakunja uso, akakivuta nje kidogo kipande cha juu cha filimbi yake. Rafiki yangu akaninong'oneza: joto huipandisha sauti ya filimbi, kwa hiyo anairefusha ili ishuke. Tena hata akiwa katikati ya wimbo anaweza kuirekebisha kwa midomo, kwa namna anavyoelekeza pumzi. Piano haiwezi hivyo. Ikishafungwa nyuzi zake, inabaki ilivyo mpaka aje fundi. Basi usiku kucha mwenye filimbi ndiye anayetega sikio. Anayeweza kujipinda ndiye anayemfuata asiyeweza.

Walipiga, pamoja na mengine, sonata ya Francis Poulenc, Mfaransa, ya mwaka 1957. Huyu alikuwa amelegea katika imani, akarudi mwaka 1936 baada ya kifo cha rafiki yake na hija aliyoifanya Rocamadour, kwenye madhabahu ya Bikira Maria. Sonata yenyewe ina sehemu tatu. Ya kwanza ilipoisha tulipiga makofi, ingawa nasikia wenye desturi hiyo husubiri mpaka mwisho wa zote. Mzee mmoja mbele akageuka kutukanya, lakini mpiga piano alitabasamu tu.

Wakataka kuendelea, na hapo adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Mpiga piano akaweka mikono mapajani. Mwenye filimbi akashusha filimbi yake. Tukasubiri wote, hakuna aliyetuambia tunyamaze. Adhana ilipokwisha ndipo sehemu ya pili ikaanza, taratibu sana, kama mtu anayesimulia jambo ambalo hajui kama ataweza kulimaliza. Ilipokwisha, mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Kwa kweli hakukosea. Alikuwa amesikiliza.

Sasa tutafakari. Kiswahili chetu kina hazina hapa. *Kusikia* hakuhitaji juhudi: unasikia honi, unasikia njaa, unasikia harufu ya samaki wa jirani. Kunakujia tu. *Kusikiliza* ni tendo, lazima uamue. Halafu kuna *kusikilizana*, ambako sisi tukikutaja hatumaanishi masikio tena, tunamaanisha kupatana. Ndugu wasiosikilizana ni ndugu waliogombana, hata kama kila mmoja anasikia vizuri kelele za mwenzake. Yaani lugha yenyewe inatufundisha kwamba amani kati ya watu huanzia sikioni.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, alijichunguza juu ya jambo hili. Aliwahi kulia kwa nyimbo za Kanisa pale Milano, alikobatizwa mwaka 387, lakini baadaye akaogopa: vipi kama sauti inanigusa kuliko kile kinachoimbwa? Hofu yake ni ya haki. Ila filimbi na piano hazina maneno. Hakuna ujumbe wa kudaka haraka. Huwezi kusema katikati, "Basi, nimekupata," ukaondoka na muhtasari. Ukitaka kuupata muziki huo, lazima ukae mpaka noti ya mwisho.

Hapo ndipo dhamiri ilinichoma. Yule kijana nilimsikiliza kama tangazo: nikadaka ujumbe, nikakata. Nilijua mwisho wa habari yake kabla hajaufikia. Na je, kama nilichokidaka hakikuwa chenyewe? Watu wengi wenye mzigo huanza na deni, kwa sababu deni linasemeka. Lile lisilosemeka linangoja sentensi ya kumi.

Mtu ataniambia: Frateri, usijilaumu, muziki ni mtamu, matatizo ya watu yanachosha. Ni kweli, na tukubali kitu kigumu zaidi: nilimsikiliza mwenye filimbi kwa urahisi kwa sababu hakuniomba kitu. Hakuhitaji nauli, wala ushauri, wala nimtafute kesho. Kusikiliza kwa namna hiyo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Unaweza kutoka ukumbini na machozi, ukampita ombaomba getini.

Lakini jioni ile ilininyang'anya kisingizio. Siku zote nimejiambia kwamba sina uwezo wa kukaa, nina haraka, nimechoka, simu inalia. Kumbe uwezo ninao. Nilikaa, simu ikiwa mfukoni, jasho likinitiririka. Mwanafalsafa Simone Weil alifundisha kwamba usikivu ukiwa kamili unakuwa sala. Kama ni hivyo, basi pale sakristia sikumnyima kijana muda tu. Nilimwahidi sala huku nikikatisha sala iliyokuwa imeshaanza.

Kuna kisa cha sonata ile ile ninachokipenda. Mwezi Juni 1957, jioni iliyotangulia onyesho lake la kwanza rasmi mjini Strasbourg, Poulenc na mpiga filimbi Jean-Pierre Rampal waliipiga yote kwa ajili ya msikilizaji mmoja tu, mpiga piano Arthur Rubinstein, kwa sababu kesho yake asingeweza kuwepo. Ukumbi mtupu, mtu mmoja kwenye kiti. Hawakumpa kipande. Tunapenda kusema watu ni wengi na sisi ni wachache. Lakini anayekuhitaji huwa anakuja mmoja mmoja, na mara nyingi kesho hatakuwepo.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi nilimpigia yule kijana. Akasema, "Usijali Frateri, yalishaisha." Sikujua yameishaje, na sauti yake haikunipa haki ya kuuliza. Jumatatu jioni nikaenda kijiweni kwake, nikakaa kwenye benchi. Akaongea kuhusu Simba na Yanga, kuhusu bei ya mafuta, kuhusu abiria aliyemkimbia bila kulipa. Lile jambo hakuligusa. Nami sikulivuta. Nilijitahidi nisirukie mwisho. Giza lilipoingia akasema, "Frateri, leo umekaa sana." Akanirudisha nyumbani kwa pikipiki, akakataa hela.

Wapendwa, wiki hii mchague mtu mmoja: mama, mdogo wako, jirani, yule mnayekwepana naye kwenye jumuiya. Msikilize mpaka noti yake ya mwisho. Usimmalizie sentensi. Kama wewe ndiye unayeweza kujipinda, jipinde wewe. Samweli mdogo aliitwa usiku zaidi ya mara moja kabla hajatambua anayemwita ni nani. Huenda na sisi tunaitwa, kwa sauti ya mtu anayeanza na habari za deni.

Mniombee, nami nawaombea. Safari hii nitakaa.