Rangi ya Jiwe Iko Wapi?

Graniti ya Mwanza ikitazamwa kwa mbali ni ya kijivu. Kamera ya simu ikisogezwa karibu, sentimita kumi hivi, ukijivu huo hutoweka: huonekana kwatzi inayopitisha nuru, felispa nyeupe au ya waridi, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyometameta. Basi jiwe lina rangi gani hasa?

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alilijadili suala hili katika kitabu chake juu ya akili ya mwanadamu kilichotoka mwishoni mwa 1689, na mfano wake mmoja ulikuwa jiwe: porfiri. Lina wekundu na weupe. Nuru ikizuiwa isilifikie, rangi hazipo tena, ilhali jiwe lenyewe halijabadilika. Kwa Locke, umbo na ukubwa ni mali ya jiwe. Rangi ni uwezo wake wa kuamsha hisia ndani ya mtazamaji.

Mpiga picha hukutana na ubishi huu kila mara. Mwanga wa ubavuni hudhihirisha mikwaruzo, maji kidogo hukoleza rangi, na programu ya simu hurekebisha weupe na kunoa kingo bila kuombwa. Hata ukubwa, ambao Locke aliuona salama, hupotea pichani: changarawe huweza kudhaniwa jabali. Haimaanishi kwamba picha ni uongo. Huonyesha jiwe kwa umbali fulani na nuru fulani tu, ndiyo maana wanajiolojia huweka sarafu, rula au nyundo kando ya jiwe kabla ya kulipiga picha.