Deni la mbwa wa koko

Je, mtu anaweza kuwa na deni kwa kiumbe ambacho hakiwezi kumdai? Sisi tuliokulia Kampene, teritwari ya Pangi, swali hili hatukulipata shuleni. Tulilipata kwenye baraza ya koko, babu yetu, pale mbwa wake alipokuwa analala na kidevu juu ya kiatu cha mzee.

Mbwa ambao wazee wetu Balega walifuga kwa kuwinda ni wadogo, masikio wima, mkia umejikunja, na hawabweki. Ndiyo maana mbwa anafungwa kengele ya mti shingoni. Bila hiyo, mule pori huwezi kujua amefuata nyama wapi. Wakati wa kwenda, kengele inajazwa majani ili inyamaze. Nyavu zikishategwa, majani yanatolewa, kelele inaanza. Wazungu nao waliwapenda: tangu miaka ya 1930 wanafugwa Uingereza kwa jina la Basenji, yaani neno letu lile lile la washenzi. Koko angelisikia hilo, angecheka mpaka kukohoa.

Nyama ikipatikana, mwenye mbwa alipewa fungu lake. Koko alikata humo kwanza kipande cha mbwa, mbele ya macho yetu watoto wenye njaa. Tulinung'unika. "Mupatie kwanza mwenye amekimbia," alimwambia koko mwanamke. Haikuwa huruma. Huruma mtu anaitoa akitaka, kesho anaiacha. Yeye alikuwa analipa. Na si Balega peke yao waliotambua kazi ya mbwa. Majirani Waislamu, ambao wengi wao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, wanajua kwamba sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, jina la Mungu likitajwa.

Basi, vita iliyoanza mwaka 1998 ilipotufikia, tulikimbilia porini pamoja na jamaa wengine. Usiku wa pili watu wakasema mbwa auawe. Habweki, kweli, lakini analia, na kilio chake kingeweza kutuletea wenye bunduki. Hawakuwa watu wabaya, na hofu yao ilikuwa na sababu. Walikuwako pia watoto wachanga wawili, wanalia kuliko mbwa, na hakuna aliyefungua kinywa juu yao.

"Mbwa haiko mutu," mmoja akamwambia koko.

"Ninajua. Lakini deni ni yangu."

Akajaza kengele majani, kama siku ya kuwinda, akaondoka na mbwa wake, akaenda kulala peke yake ng'ambo ya kijito. Tulipita majuma namna hiyo. Mara kwa mara alitokea na mihogo, akaiweka, akarudi kwake.

Koko mwanamke hakumsamehe. "Wangekuuwa kule, nani angetulisha? Na sisi, hatukukudai?" Kila alipouliza, mzee alitazama pembeni.

Zamani tulisimulia habari hii kama sifa ya babu. Leo, tukiwa wazazi, tunasikia zaidi sauti ya bibi. Koko alifanya vema kutolipa deni lake kwa usalama wa watoto wa wenzake. Aliuchukua mzigo akaenda nao mbali. Lakini alilipa kwa maisha yake, na maisha yale hayakuwa yake peke yake. Hapo hatuwezi kumtetea kabisa. Hata hivyo, kama angemuua mbwa usiku ule, hatuoni angewezaje kurudi nyumbani na kukata tena kile kipande cha kwanza mbele yetu. Na sisi tungekuwa tumejifunza kwamba deni linalipwa siku za raha tu.

Mbwa yule alikufa kwa uzee, vita ikiwa imekwisha kutulia. Koko alitaka kumzika nyuma ya jikoni. Jembe alimletea koko mwanamke, bila neno. Jioni ile ile, kando ya moto, wakaanza tena ugomvi wao wa ng'ambo ya kijito.