Mikono ya Esau

Katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, mnunuzi mzoefu hanunui dhahabu kwa kutazama mng'ao. Shaba nayo hung'aa. Ikidondoshewa tindikali ya nitriki, shaba hutoa povu la kijani. Dhahabu hutulia tu. Muuzaji mkweli hana sababu ya kununa mali yake ikipimwa.

Kijana wa huko akifika chuo kikuu hukuta adabu nyingine. Barua pepe yenye nembo ya chuo inamtaka athibitishe nywila yake kabla ya saa sita usiku, la sivyo bumu halitaingia. Kumuuliza mkubwa kama kweli ni yeye kunafanana na ujeuri, na anayengoja fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo hana subira ya kupima. Tapeli huijua njaa hiyo kuliko anavyoijua kompyuta.

Je, aliyetapeliwa ana hatia?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kinamweka Isaka kwenye kiti hicho: mzee asiyeona vizuri, aliyedanganywa na mwanawe mdogo aliyejifanya Esau, kaka yake, ili apate baraka. Wengi humwona mzee mzembe, lakini kwa haki alijitahidi: aliuliza jina, akashangaa windo kupatikana upesi, akapapasa mikono, akanusa nguo. Ila nguo zilikuwa za Esau kweli, na manyoya yalikuwa ya mbuzi. Kisichoghushiwa kilikuwa sauti tu, naye aliisikia, akaipuuza. Tena maswali yote alimuuliza mtuhumiwa mwenyewe, kama anayepiga namba iliyoandikwa ndani ya barua anayoitilia shaka.

Vyuo vingine vimeamua kuwafunza watu kwa kuwadanganya. Agosti 2024, Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kiliisambazia jumuiya yake barua pepe ya majaribio: eti mfanyakazi amerudi kutoka Afrika Kusini akiwa na Ebola. Hofu ilitanda, chuo kikaomba radhi. Augustino na Kant wangekataa tangu mwanzo, maana kwao hakuna uongo mwema. Msimamo huo ni mkali mno. Mtihani wa hila unaweza kuvumilika. Lakini kwa mtu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka Mara, kulikozuka Marburg mwaka 2023 na tena 2025, homa ya namna hiyo si chambo cha kuchezea. Na siku tangazo la kweli likitoka, nani ataliamini?

Isaka alifanya jambo moja ambalo wasomi wengi hushindwa. Alipogundua, alitetemeka, akamwambia Esau papo hapo kilichotokea. Njia ya kusema ipo: hata simu ya utapeli Tanzania huripotiwa kwa namba 15040. Lakini mhadhiri aliyekwisha kutoa nywila yake hunyamaza kwa aibu, na siku nzima akaunti yake inawaandikia wanafunzi wake kwa jina lake.