Mnunuzi Naye Ana Deni

Nilikuwa na shilingi milioni 17, mama mwenye magoti mabovu kule Ilkiding'a, na magari mawili ya dizeli ya kuchagua moja. Nilidhani tatizo langu ni la kifundi. Lipi halichemshi, lipi spea zake zinapatikana, lipi linakunywa mafuta kidogo. Ilinichukua wiki tatu kuona kwamba swali gumu lilikuwa jingine kabisa, na kwamba lilinihusu mimi kuliko lilivyoyahusu magari.

Anayezijua njia za miteremko ya Meru wakati wa masika atanielewa bila maelezo mengi. Njia ya kwenda kwa yeyo inateleza kama sabuni. Bodaboda zinapita kwa kusukumwa, na mtu wa magoti mabovu hapandi bodaboda. Kliniki ni kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo ilibidi liwe gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kwa pesa niliyokuwa nayo hilo maana yake ni gari la zamani. Kwa Arusha hii, gari la zamani la namna hiyo mara nyingi ni la dizeli.

La kwanza lilikuwa Prado ya mwaka 1997, kwenye yadi moja mjini. Injini yake ni 1KZ-TE, lita 3, silinda nne, yenye tabo. Wanaoijua wanaisifu: ina nguvu mlimani, imetulia barabarani, na ukikaa ndani ni kama uko sebuleni. Wanaoijua zaidi watakutajia neno moja tu, silinda hedi. Hedi yake ni ya aluminiamu, na injini ikichemka sana huweza kupasuka, nyufa ndogo ambazo huzioni mpaka ufungue. Halafu ile herufi E mwishoni inakuambia kwamba pampu ya dizeli inaongozwa kwa umeme. Ikianza kusumbua, si kila fundi wa chini ya mti atakubali kuigusa.

La pili lilikuwa Land Rover 110 ya mwaka 1996, injini 300Tdi, lita 2.5. Mwenyewe ni mzee mmoja jirani yangu hapa Olasiti, dereva mstaafu wa watalii. Land Rover haina adabu ya sebuleni. Upepo unaingia milangoni, na ukitaka kuongea na mwenzako lazima upaze sauti. Bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu Waingereza walipoanza kuzitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Basi bodi haishambuliwi na kutu kama ya chuma, lakini chesisi ni chuma, inaliwa taratibu kwa chini, mahali ambapo mnunuzi aliyevaa suruali safi hapendi kulala achungulie. Mkanda wa taimingi ukikatika, vali zinagonga pistoni na umekwisha. Lakini pampu haina kompyuta, na katika mji ulioziandalia Land Rover tamasha zima mwezi Oktoba 2024, fundi hukosi.

Mpaka hapo ilikuwa hesabu ya kawaida. Kisha nikaenda kuyaona.

Yadini nilifika asubuhi, nikaweka mkono juu ya boneti. Ya moto. Aliyewahi kununua dizeli kuukuu anajua maana yake. Gari la dizeli hukaguliwa likiwa baridi, kwa sababu ndipo linapojisema: linawaka kwa shida au halisumbui, linatoa moshi mweupe, mweusi au wa bluu. Likishapata moto, mengi yanajificha. Injini yenyewe ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa.

"Tulikuwa tunaisogeza kidogo tu, bosi," dalali akasema. "Hii injini haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa ya mama mmoja, anaendea kanisani tu."

Nikamwomba nirudi kesho yake saa 12 alfajiri na fundi wangu, tufungue kifuniko cha rejeta gari likiwa baridi, tuwashe, tuangalie kama maji yanatoa mapovu. Akasema yadi inafunguliwa saa 3, na kuna mteja mwingine anakuja na pesa taslimu. Bei milioni 17.

Kwa mzee mambo yalikuwa hivi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, kaa kwanza." Nikakaa. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la kurasa 96, jalada limeshikwa na selotepu. Akaanza kunisomea.

"Hedi ilifunguliwa mara moja. Ilichemka tukipanda Ngorongoro, ikapelekwa kusagwa, tangu hapo haijarudia. Chesisi imeungwa sehemu mbili, nyuma kushoto na hapa kwenye gia boksi, lala chini uone. Mita ilikufa siku nyingi, usiisome. Mkanda wa taimingi nimeweka mwaka juzi, risiti ndiyo hii. Gia ya pili asubuhi inagoma, usilazimishe, ipe muda." Akafunga daftari. "Nataka milioni 16."

Kesho yake fundi wangu akalala chini ya Land Rover, akatoka akicheka. Kila kitu kilikuwa palepale mzee aliposema. "Huyu mzee kajimaliza mwenyewe," akaninong'oneza. "Hedi imesagwa, chesisi imeungwa, hapo unashuka mpaka 12."

Nikarudi kwa mzee na orodha. Nikaisoma kama wakili: hedi, chesisi, mita, gia. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yote si mimi niliyekuambia?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ile 16 ni baada ya hayo yote, mwanangu. Ingekuwa haina kitu ningekuambia 20." Akanyamaza. Ndege ndogo ikapita juu yetu ikitokea uwanja wa Kisongo, tukaisubiri iondoke. "Lakini una mgonjwa. Leta 13."

Nikaondoka mshindi. Usiku sikulala vizuri.

Tuna methali kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Methali haisemi lolote kuhusu jinsi sisi wanunuzi tunavyompokea huyo mpenzi wa Mungu. Siku ile nilichukua maneno ambayo mtu alinipa kwa hiari, ili nisije nikadhurika, nikayageuza fimbo ya kumpigia. Yule wa yadini, ambaye hakuniambia kitu, sikuwa na fimbo ya kumpigia. Kwenye daftari langu la kichwani Land Rover ilikuwa na madeni manne, Prado ilikuwa na sifuri. Na ile sifuri ilitokana na kimya tu. Huenda hedi ya Prado ilikuwa nzima kabisa, sijui mpaka leo. Lakini niliuhesabu ubovu uliosemwa kwa milioni, na ubovu uliofichwa nikauhesabu kuwa haupo.

Mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika juu ya jambo hili mwaka 1970, tena kwa mfano huohuo wa magari yaliyotumika. Hoja yake ukiivua suti ni hii: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hulipa bei ya katikati. Bei ya katikati inamwonea mwenye gari zima, naye anaondoka sokoni. Wanabaki wenye mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mimi ningeongeza la Olasiti: hata pale muuzaji anapokupa ukweli wote bure, mnunuzi anaweza kumfukuza sokoni kwa kumwadhibu kwa ukweli huo. Mzee wangu akiuza gari jingine, unadhani atatoa daftari?

Wanafalsafa nao wamelihangaikia hili tangu zamani, ila wengi wamemsimamisha muuzaji kizimbani. Cicero, Mrumi, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo kuhusu wajibu, anasimulia mabishano ya Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Je, aseme? Antipater anataka aseme yote. Diogenes anaona kwamba kunyamaza si sawa na kudanganya, na mnunuzi ana macho yake. Cicero mwenyewe anasimama upande wa kusema. Dalali wangu angesimama na Diogenes, na wala asingekosa kampuni. Hata sheria za biashara tulizozirithi kwa Waingereza zimekulia katika kanuni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe.

Lakini kurasa chache mbele Cicero anamtaja mtu mwingine, Scaevola, na huyu ndiye aliyenitoa usingizi. Scaevola alitaka kununua shamba. Akamwomba muuzaji ataje bei moja ya mwisho. Muuzaji akataja. Scaevola akasema shamba hili lina thamani zaidi ya hapo, akaongeza sarafu laki moja. Watu wote walikiri kwamba ni kitendo cha mtu mwema, anasema Cicero, ila wengine wakasema si cha mtu mwenye akili.

Nililicheka neno hilo kwa sababu nilimsikia fundi wangu ndani yake. Na fundi ana hoja. Kwanza, mimi si Scaevola, sina mashamba. Kila laki ninayompa mzee ni laki iliyotoka kwenye dawa za yeyo. Pili, ukianza kulipia ukweli, kesho ukweli utakuwa bidhaa. Madalali watajifunza kukiri viubovu viwili vidogo ili uwaamini kwenye kikubwa. Tatu, biashara ni biashara, na mzee mwenyewe ndiye aliyesema leta 13.

Nimezigeuza hoja hizi na kila moja naiona ina mahali inapovuja. Ukweli wa mzee haukuwa maneno matamu, ulikuwa na anwani: lala chini, nyuma kushoto. Maungamo ya namna hiyo hayaigizwi kirahisi kwa sababu yanakaguliwa. Magari mengi ya Japani yanayopita minadani huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama ya kila mkwaruzo na kila bonde. Mtu aliyalipia maandishi yale, na ndiyo maana mnada unaendeshwa haraka bila watu kugombana. Gari likishafika huku na kupita mikono mitatu, karatasi imepotea, anabaki mama anayeendea kanisani. Daftari la mzee lilikuwa karatasi yangu ya mnada. Ningemlipa fundi pesa nyingi kunitafutia yaliyomo, na bado asingeyapata yote.

Kuhusu ile 13, mzee hakuniuzia kwa 13. Alinipa milioni tatu kwa ajili ya mgonjwa, nami nilizipokea nikiziita ushindi wa kupatana bei. Huko ni kumdhulumu mtu mara mbili: unachukua sadaka yake, halafu unamfanya aonekane aliyeshindwa.

Hapo ndipo nilipopata kanuni ndogo ya kunitosha. Kasoro ambayo muuzaji ameitaja na kuiweka ndani ya bei, usiikate tena. Bei imeshainama, ukiikata mara ya pili unaiba. Kasoro uliyoigundua mwenyewe, ambayo haikuwa kwenye hesabu yake, hiyo ikate bila haya. Utamwokoa mwema asionewe, na hutakuwa mjinga wa soko. Kwa muuzaji aliyenyamaza, usimhesabie kimya chake kuwa afya. Kihesabie kimya nacho bei.

Kwa hesabu hiyo Prado ya milioni 17 ikawa ghali kuliko nilivyodhani, na Land Rover ikawa rahisi kwa bei yake ileile ya kwanza. Nilirudi kwa mzee na milioni 15 na laki 4. Akazihesabu taratibu, noti kwa noti, akaona si 13, akanitazama. Hakusema asante. Aliuliza, "Na hii laki sita uliyokata ni ya nini?"

"Matairi ya mbele, mzee. Yameliwa upande wa ndani."

Akainuka, akaenda akachuchumaa mbele ya gari, akapitisha kidole ndani ya tairi. "Kweli. Hayo nilisahau." Akachukua kalamu akayaandika kwenye daftari, kisha akanikabidhi daftari pamoja na funguo na kadi ya gari.

Yeyo analalamika kwamba Land Rover inamtikisa mifupa, na kwamba jirani yake ana mtoto mwenye gari lenye viti vya maana. Ana haki. Kliniki lakini hajakosa.

Mwezi uliopita niliona tone la mafuta chini ya gia boksi, kubwa kama sahani ya chai. Nilijua kinachotakiwa. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, kisha kalamu ikasimama. Siku moja nitaliuza gari hili, na huyo mnunuzi simjui. Huenda atakuja na fundi anayecheka na orodha mkononi. Nimekaa na kalamu ile kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri hapa, ndipo nikaandika.