WAZO LA LEO: Ndoa Ni Haki, Si Deni

Jioni pale Gatina, Kawangware, mwanamke wa miaka 35 hakatiwi sukuma wiki bila mama mboga kumtupia swali: "Na wewe dadangu, bwana tutamwona lini?" Kibera nako, mpangaji asiye na mke huchunguzwa kana kwamba ameficha kosa. Hakuna anayeuliza nani alimlipia mpwa karo, nani alichangia mazishi ya jirani, nani anashika daftari la chama bila shilingi kupotea. Pengine ni huyo huyo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo, katika kitabu chake cha 2006, alipinga dhana kwamba asiye na mwenzi lazima awe mpweke mwenye huzuni. Wengi wana marafiki na ndugu wa kuwategemea. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, nayo inaitaja ndoa kuwa haki, tena kwa hiari ya wahusika.

Wapo walioamua kukaa bila ndoa. Wapo wanaotamani ndoa, na swali lako huwatonesha kidonda. Leo muulize jirani habari za kazi na afya. Ya ndoa, akitaka, atakwambia mwenyewe.